UZI: Miezi sita kasoro siku tatu nikiwa ofisa mikataba wa muda, kipindi cha kuhama dola kwenda shilingi

#1 Jalada la Kijani

Wakuu, habari za saa hizi.

Wiki iliyopita kijana mmoja alileta uzi humu akiuliza kama akubali kazi ya "ofisa mikataba ya biashara, ya muda". Wengi walimjibu kazi ni kazi, nenda. Nilitaka kumjibu pale pale nikaona maneno ni mengi, nitajaza uzi wa mtu. Ndiyo haya sasa.

Mimi ni mdada, nina shahada ya ununuzi na ugavi, si mwanasheria. Niliingia Jumatatu ya tarehe 14 Aprili 2025, nikatoka Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba. Kampuni naiacha bila jina. Ipo Dar, inasafirisha na kuhifadhi mizigo ya watu, hiyo inatosha.

Sababu ya kuniita: mnakumbuka mwisho wa Machi 2025 zilitoka kanuni za matumizi ya fedha za kigeni? Bei za bidhaa na huduma hapa nchini zitajwe kwa shilingi, na mikataba ya dola iliyokuwepo ikapewa mwaka mmoja wa mpito. Pale ofisini karibu kila kitu kizito kilikuwa kwa dola: maghala, ofisi, kukodi folklifti (mashine za kunyanyulia mizigo), mpaka mashine za fotokopi. Meneja wa biashara akasema atafutwe mtu wa miezi sita aje "asafishe makabati". Nikadhani anaongea kwa mafumbo.

Siku ya kwanza nilipewa meza iliyobanwa kati ya printa na mtungi wa maji, na ufunguo mmoja wenye kipande cha tepu kilichoandikwa kwa kalamu KABATI USIPOTEZE. Nilipofungua, mlango wa chini ukabaki mkononi. Mkataba wa juu kabisa ulikuwa wa ghala, na ukurasa wa saini una duara la kikombe cha chai limepita juu ya jina la mkurugenzi. Nikauliza mikataba yote iko mingapi, nikajibiwa "kama arobaini hivi".

Wiki ya tatu nilipomaliza kuhesabu ilikuwa 113. Mingine ilikuwa kwenye droo ya msimamizi wa yadi chini ya vitabu vya mafuta. Mingine kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi 2022. Mmoja mhasibu alikuwa nao nyumbani kwake Mbagala, "kwa usalama". Yenye dola ilikuwa 31.

Nilikwenda nikijua nitaandika mikataba. Mwezi mzima nilikuwa naitafuta.

Naendelea, ngoja nimlaze mtoto.

#2 Fundi Spana

Nimeshavuta kiti. Dada usitukatie kama tamthilia.

#3 Mzee wa Tandika

Huyo mhasibu wa Mbagala namwelewa. Ofisi yetu ya zamani ilipata mafuriko, faili pekee zilizopona ni zile mtu alizokuwa amepeleka kwake kinyume cha utaratibu.

#4 Binti Kilwa Road

Swali kabla hujaendelea. Mtu asiye mwanasheria anapewaje mikataba 113? Si ndiyo mwanzo wa matatizo?

#5 Jalada la Kijani

Binti Kilwa Road, swali zuri. Kampuni ilikuwa na wakili wa nje anayelipwa kwa saa. Mikataba mizito, vifungu vya ugomvi, dhamana, hivyo vilikwenda kwake. Yangu ilikuwa kujua mkataba upo wapi, unaisha lini, nani anamdai nani nini, bei inabadilikaje, na kumpelekea wakili swali moja lililonyooka badala ya faili zima. Wakili wa saa ukimpelekea faili zima atalisoma zima, na ankara itakuja hivyo hivyo.

Tuendelee. Nikaanzisha rejista kwenye Excel. Kila mtu anajua kuweka safu ya tarehe ya mkataba kuisha. Mimi nikaweka na ya pili, tarehe ya mwisho ya kutoa notisi, na kazi nzima nikaipanga kwa hiyo ya pili. Sababu ni zile fotokopi.

Mkataba wa fotokopi ulikuwa unaisha tarehe 31 Julai. Kifungu cha nyuma kabisa, maandishi madogo, kinasema usipotoa notisi siku 60 kabla, unajihuisha wenyewe kwa miezi 12 mingine. Hesabu: siku 60 kabla ya 31 Julai ni tarehe 1 Juni. Mkataba wenyewe niliupata Alhamisi ya tarehe 5 Juni, ndani ya bahasha ya risiti za taa. Siku nne. Na mashine mbili kati ya tano zilikuwa zimekufa, tunazilipia kama mahari ya mke aliyekwishaondoka.

Meneja akasema basi, tumeumia. Nikarudi mezani nikausoma tena jioni watu wameondoka. Bei ilikuwa kwa dola. Nikawaandikia wale jamaa barua fupi: mnasema umejihuisha, sawa, umejihuisha kwa bei ipi? Kwa sababu kipindi kipya cha dola sioni kinapitaje mbele ya kanuni, na bei ya shilingi hatujawahi kukubaliana. Tuketi.

Walikuja kukaa. Hatukushinda kama kwenye sinema. Tulipata miezi sita badala ya kumi na miwili, bei ya shilingi, mashine tatu nzima na mbili mbovu wazichukue. Fundi wao alipozibeba moja ilimwaga wino kwenye ngazi na doa lile nadhani lipo mpaka leo.

#6 Fundi Spana

"Mahari ya mke aliyekwishaondoka" 😂😂 nimesoma mara tatu.

#7 Pangani Juu

Mimi ni dalali wa maghala, nitetee upande wa pili kidogo. Wenye maghala hawakupenda dola kwa anasa. Mtu amejenga kwa mkopo wa dola benki, mabati ameagiza nje kwa dola. Ukimwambia aandike shilingi kwa miaka mitano anaona unamwibia. Ofisi yenu mlimalizaje?

#8 Jalada la Kijani

Pangani Juu, hapo ndipo nilipotoa jasho lenyewe.

Chukua ghala moja. Mita za mraba 1,200, dola 5 kwa mita, dola 6,000 kwa mwezi. Mwenye ghala, mzee mmoja mstaarabu sana, akaja na mapendekezo yake mwezi wa tano: tuzidishe kwa 2,650 na tufunge hapo. Hiyo ni 15,900,000 kwa mwezi. Watu wa fedha wakasema tusiharakishe, muda upo. Kufika Agosti dola ilikuwa imeshuka chini ya 2,600. Tulipokuja kufunga naye tulifunga kwa 2,480: shilingi 14,880,000. Tofauti ni 1,020,000 kwa mwezi, milioni 12 na ushee kwa mwaka, kwa ghala moja tu.

Watu walinipongeza. Ukweli ni kwamba ilikuwa bahati. Dola ingepanda tungekuwa tunakimbizana na yule mzee tukimwomba arudie bei yake ya Mei. Yeyote atakayekwambia alijua dola itashuka, mwombe akuoneshe alinunua nini.

Mzee naye si mtoto. Rasimu yake ya kwanza iliandika pango ni "shilingi zinazolingana na dola 6,000 kwa kiwango cha siku ya malipo". Yaani dola imevaa kanzu. Wakili wa nje alisema hapana, bei bado inatajwa kwa dola. Tukakubaliana njia nyingine: shilingi, na kila mwaka inapanda kwa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba. Asilimia hiyo ndiyo ilikuwa vita, wiki tatu.

Halafu kuna kijifungu kilichokuwa kinakula pesa kimya kimya tangu zamani. Mpangaji anapolipa pango la biashara anatakiwa azuie asilimia 10 aipeleke TRA, mamlaka ya mapato. Mkataba wa mzee ulisema kodi zote ni juu ya mpangaji na yeye apokee kamili. Maana yake ili apate 14,880,000 mkononi, pango halisi linakuwa 16,533,333, na hiyo 1,653,333 ya zuio tunailipa sisi. Bodi ilikuwa inaona namba ya kwanza tu. Nilipoiweka ya pili kwenye karatasi, chumba kilinyamaza mpaka unasikia feni.

Tulijaribu kukiondoa. Hakuondoa. Akapunguza kidogo kwenye kupanda kwa mwaka, yakaisha.

#9 Mzee wa Tandika

Na ushuru wa stempu je? Watu wengi wanasaini mikataba ya pango wanaiweka kabatini, siku ya ugomvi mahakama inawauliza stempu iko wapi.

#10 Jalada la Kijani

Mzee shikamoo. Umegusa kidonda. Mikataba ya pango tisa haikuwa imelipiwa. Ni asilimia 1 ya pango la mwaka na ndani ya siku 30 tangu kusaini, ukichelewa unalipa na adhabu. Wakati wa amani hakuna anayeona kasoro. Tulilipa yote Julai, mhasibu hakunisalimia siku mbili.

#11 Kijana wa Sinza

Mimi ndiye niliyeleta ule uzi. Dada asante sana. Naomba uniambie makosa pia, maana mpaka sasa unaonekana hukukosea.

#12 Jalada la Kijani

Mdogo wangu, nilikosea vizuri tu.

Mwezi wa saba nilikuwa naandaa nyongeza za mkataba, yaani karatasi za kubadilisha vifungu, kwa kundi, nne kwa siku, zinafanana. Kwenye mkataba wa ghala la pili bei ilikuwa kifungu 4.1. Kifungu 4.2 ni namna ya kulipa, 4.3 ni kurudishiwa amana tukihama. Nyongeza yangu iliandika: "Kifungu cha 4 kinafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na kifungu kifuatacho," chini yake bei mpya ya shilingi. Nilisahau nukta na moja.

Maana yake nimefuta na amana. Amana ya miezi mitatu.

Nyongeza ikapita kwa meneja, ikapita kwa mkurugenzi, mwenye ghala akasaini haraka kuliko siku zote. Ile haraka ndiyo iliyonitia wasiwasi. Saa nne usiku nipo kitandani nikainuka nikawasha kompyuta, nikaona. Sikulala. Asubuhi nilimwambia meneja kabla hajakaa, koti bado liko mkononi. Hakufoka, aliuliza tu "wangapi wanajua?" Nikasema wawili, na wewe wa tatu.

Tuliandika nyongeza ya pili ya sentensi mbili kurudisha 4.2 na 4.3. Mwenye ghala alikaa nayo siku tisa. Mara yupo Moshi msibani, mara simu haina chaji. Siku ya tisa akasaini, akaniambia "binti, mimi niliona siku ile ile". Nikamwamkia nikaondoka.

Tangu siku hiyo kila nyongeza naichapisha, naiweka kando ya mkataba mama, naweka rula chini ya mstari na kusoma kwa sauti. Vijana wa IT walidhani naswali.

#13 Binti Kilwa Road

Eti "niliona siku ile ile". Huyo mzee ni hatari.

#14 Wakili wa Kijiweni

Nimesoma kimya mpaka hapa. Nina jambo kuhusu mkataba wako mwenyewe dada. 14 Aprili hadi 10 Oktoba. Miezi sita ingetimia tarehe 13 Oktoba. Hizo siku tatu hazikupungua kwa bahati mbaya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema zile kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hazimhusu aliyefanya chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo huyo, iwe mkataba mmoja au zaidi. Likizo ya mwaka yenye malipo nayo ina mpaka wa miezi sita. Ndiyo maana mnaona hii mikataba ya "miezi sita" ikihesabiwa vizuri inatoka mitano na siku kadhaa.

Kijana wa Sinza, kabla ya kusaini hesabu kwa vidole. Halafu tazama kama kuna ahadi ya kuongezewa. Mkataba wa muda maalumu unaisha wenyewe tarehe ikifika, lakini ukiwa na sababu za msingi za kutarajia kuhuishwa, mfano bosi amekuandikia, amekupangia kazi za mwezi ujao, kutohuishwa kunaweza kuhesabika kuwa umeachishwa. Hapo unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa kuachishwa una siku 30 tu. Maneno ya kwenye korido hayatakusaidia. Weka barua pepe.

#15 Jalada la Kijani

Wakili, nimeduwaa. Naapa sikuziona siku tatu. Nimekaa miezi nahesabu siku 60 za fotokopi za watu.

Na kweli Septemba meneja aliniambia mlangoni "wewe huendi popote, kazi bado ipo". Mlangoni. Hakuna barua pepe.

#16 Wakili wa Kijiweni

Pole. Hata kwa barua pepe, ungeanza kwa kujibishana kuhusu hiyo miezi sita. Si kesi ningekushauri uanze nayo asubuhi.

#17 Fundi Spana

Kinyozi hajinyoi wakuu.

#18 Pangani Juu

Dada tuambie na lile jambo ambalo watu hawasemi. Wazabuni walikuja na bahasha?

#19 Jalada la Kijani

Mmoja. Alikuja na boksi la maembe ya Tanga, akasema ni ya shamba lake. Juu ya maembe pana bahasha ya "nauli". Maembe niliyapeleka mapokezi wakala ofisi nzima, bahasha nilimrudishia mbele ya dada wa mapokezi, nikaandika barua pepe ya mistari miwili kwa meneja siku hiyo hiyo. Mtu wa muda ndiye anayejaribiwa kwanza, maana wanajua unaondoka na kodi ya nyumba inakungoja. Na likitibuka, ndiye anayetupiwa kwanza pia.

Hilo linanikumbusha kusaini. Usisaini. Wewe unaandaa, unahakiki, unaweka herufi zako kwenye nakala ya ofisi. Anayesaini ni mwenye mamlaka kwenye azimio la bodi. Nilikuta mkataba wa jenereta umesainiwa na "kny Mkurugenzi", yaani kwa niaba yake, na huyo kny alikuwa dereva aliyekuwa anapeleka barua. Dereva! Na jenereta lilikuwa linafanyiwa matengenezo kwa mkataba huo miaka miwili, na hela inalipwa.

#20 Kijana wa Sinza

Dada swali la mwisho. Mkataba wa folklifti nilioonyeshwa kwenye usaili una faini ya kuchelewa, shilingi laki tano kwa siku. Hiyo inadaiwa yote?

#21 Wakili wa Kijiweni

Nimjibie. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: kiasi kilichotajwa kwenye mkataba kama fidia ya kuvunja ni dari. Mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi hapo, haikupi laki tano kwa sababu tu zimeandikwa. Andikeni ilikokotolewaje: folklifti moja ikikosekana, ghala linapoteza nini kwa siku.

#22 Mzee wa Tandika

Binti, kwa hiyo uliondokaje? Walikuaga?

#23 Jalada la Kijani

Keki, soda, picha ya pamoja. Kati ya 31 ya dola nilikuwa nimefunga 26, mitano nikaiacha na maelezo ilipofikia. Niliandika makabidhiano kurasa sita, kila tarehe ya notisi mpaka Juni 2026, nywila ya rejista, ufunguo uko wapi. Nilichapisha mara mbili, nakala moja nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, ule wa juu, maana wa chini haukuwahi kupata bawaba.

Jana saa tatu asubuhi wamenipigia. Mtu mpya, sauti ya upole. Anauliza rejista inafunguliwaje. Nikamwambia soma makabidhiano, ukurasa wa kwanza. Akasema hajayaona. Nikamwambia yapo kwenye mlango wa kabati kwa ndani.

Akanyamaza kidogo, akasema "dada, kabati limefungwa. Ufunguo hatuujui uliko."

#24 Fundi Spana

Usiseme ufunguo umeandikwa kwenye makabidhiano.

#25 Jalada la Kijani

Ukurasa wa pili.

#26 Binti Kilwa Road

Na ile nakala nyingine?

#27 Jalada la Kijani

Mhasibu. Mbagala.